Miduara ya Chaki

Kila asubuhi Hortenzia Kubišová hutoka na kipande cha chaki,
huinama mbele ya lango letu la pamoja,
hulizungushia tone jipya mduara,
huandika tarehe.
Hasemi kitu. Tangu Septemba hajasema kitu.
Mawe ya uwanja yamegeuka kalenda,
na kila siku yangu ina doa jeusi katikati.

Haba na haba, ndiyo,
lakini kibaba hiki hakuna aliyekiomba.

Leo Jumamosi. Kremnica imefunikwa ukungu,
kengele za kanisa zinalia kama zimeviringishwa blanketi.
Natandika kadibodi, najilaza chali chini ya Skoda
niliyoinunua mwaka ule binti yangu alioanza shule;
sasa ana gari lake, na madeni yake, kule Brno.
Nati ya gurudumu niliilegeza kabla ya kupandisha jeki.
Hilo nilijifunza kwa kulikosea.
Boljointi inagoma. Naipiga nyundo, haijali.
Naipiga tena, ubavuni,
inaachia ghafla kama mtu aliyechoka kubishana.

Oili inashuka ndani ya beseni la kufulia
(mke wangu hajui),
rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni,
harufu ya vitunguu vilivyooza.
Shafti inatoka, nzito, imelowa,
na nyuma yake ndiye huyo mkosaji:
pete ya mpira isiyojaza kiganja,
mdomo umekauka ukapasuka,
springi yake, nyembamba kama uzi, imeruka mahali pake.
Kumbe kununiana kote huku
kumekaa ndani ya kitu cha euro nne.

Viatu vya kahawia vinasimama karibu na sikio langu.
"Vendelín. Shafti umeikagua?"
Nimeifuta, nasema.
"Sikuuliza kama umeifuta. Pitisha ukucha."
Napitisha ukucha. Unakwama.
Mfereji, mwembamba, unang'aa,
pale mdomo uleule ulipokisugua
chuma kilekile miaka ishirini na mitano.
"Ukiigonga sili mpya mpaka mwisho
itakaa mferejini humohumo, na itavuja vilevile.
Iache nje milimita mbili.
Ipate chuma ambacho hakijachoka."

Miaka kumi na minane alikuwa fundi
kwenye karakana ya mabasi, Zvolen.
Sikujua. Ukuta wetu ni mmoja,
namsikia akikohoa usiku, akifungua bomba,
na hilo sikulijua.

Anapiga magoti kwenye ukingo wa kadibodi yangu.
Naupaka mdomo mpya oili kwa kidole,
yeye anashika kipande cha bomba la plastiki,
nagonga: juu, chini, huku, kule,
pole, kama abishaye hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa.
Anapima kwa ncha ya kidole gumba.
"Bado." Nagonga.
"Bado kidogo." Nagonga.
"Hapo. Ukigonga tena nakunyang'anya nyundo."
Milimita mbili. Unene wa sarafu.

Sikumwomba radhi. Hakuidai.
Tulimimina oili mpya hadi ikachuruzika kwenye tundu,
ndiyo giaboksi inavyosema imeshiba,
tukakaza kizibo,
naye akaenda zake ameinyanyua mikono michafu mbele yake
kama daktari anayesubiri glavu.

Jumapili mawe makavu. Jumatatu makavu.
Jumanne mvua, hakuna ushahidi wowote,
ila kalenda ya chaki nayo imefutika,
na nilishangaa kuona nimeikosa.

Alhamisi natoka kwenda kazini:
mduara mpya, tarehe,
na pembeni, kwa mwandiko wa mtu asiye na haraka:
Hili ni la sili ya kushoto.
Jumamosi saa tatu. Lete kadibodi mbili.